Nimezishusha, Taisto

Nimezishusha, Taisto.
Usigutuke kitandani, nesi atadhani ni nyonga.
Paneli zote sita ulizozipandisha paani
mwaka ule tulioagana na kampuni ya umeme,
nimezishusha Jumanne, kabla mwanga haujaisha,
yaani kabla ya saa nane mchana.

Najua ulivyozipenda kule juu.
Kiangazi zilikunywa jua hadi usiku wa manane,
tukakosa pa kuuweka umeme.
Lakini Desemba hapa jua haliamki:
linageuka ubavu nyuma ya misonobari,
linafumbua jicho moja, linalala tena.
Na wewe kila asubuhi ngazi, ufagio,
theluji ikikuingia shingoni,
unashuka na masharubu ya barafu, unasema, "Tayari,"
na chai haijapoa, zimefunikwa.

Siku ya ngazi siisimulii.
Nilisikia kishindo, kisha ufagio
ukateleza peke yake hadi mlango wa sauna,
ukabisha, kama mgeni.

Wiki mbili baada yako nilihesabu asilimia
kama mtu anayehesabu sarafu za mwisho:
sitini, arobaini na moja, ishirini na tatu.
Nikazima friji
(friji, Taisto! na nje baridi ishirini chini ya sifuri!),
nikazima redio katikati ya utabiri wa hewa.
Jenereta ikakohoa mara mbili, ikasusa.
Nilijaribu hata maji ya moto, kwa birika,
kupitia dirisha la dari. Usiseme kitu.
Kioo kililia kidogo, nikaacha.

Ndipo akaja Oiva, mjukuu wa Saimi wa ng'ambo ya ziwa,
miaka kumi na tisa, pua nyekundu, maneno machache.
Akatazama paa, akatazama jua, akaniuliza:
"Bibi, jua limelala, na paneli nazo zimelala.
Wawili wakilala, nani atafungua mlango?"

Tukazisimamisha.
Ukutani mwa banda la kuni, upande wa kusini, wima kabisa,
zimepangwa kama watoto wanaosubiri kupimwa kimo,
miguu yao juu ya kiuno changu,
theluji ijilundike chini itakavyo.
Betri nimeziingiza ndani. Usiulize ziko wapi.
Haya: ziko kitandani, upande wako, uvunguni.
Zikiganda hazitaki kulishwa, ukizilazimisha unaziua.
Usiku zinanyamaza kuliko wewe.

Jumamosi dhoruba ikaja, mbao zikalia usiku kucha.
Alfajiri nikavaa buti zako, nikatoka na ufagio,
theluji hadi magotini,
nikasimama mbele ya ukuta
kama askari aliyefika ugomvi umekwisha.
Vioo vyeusi, vikavu. Theluji ilikosa pa kushika.

Kisha lile jicho likafumbuka.
Likaangukia ziwa, likaangukia shamba, weupe mtupu,
na weupe ule ukaurusha mwanga ukutani kutoka chini,
mimi katikati nikikodoa macho.
Kidhibiti kikaandika wati mia saba na nne.
Nikafuta miwani. Mia saba na kumi.
Ile tuliyoipiga ufagio miaka kumi na moja, mume wangu,
ile tuliyoitukana kila lugha uliyojifunza melini,
ndiyo inayotuletea jua kwa mara ya pili.

Sasa friji inanguruma bila sababu,
naiachia tu, nyumba ipate mtu wa kuzungumza.

Limebaki jambo moja.
Nguzo ya kuanikia nguo inaangusha kivuli
kwenye paneli ya tatu, saa sita hadi na robo,
kivuli chembamba kama mkanda, lakini zote zinanywea.
Oiva ana msumeno. Nimemwambia angoje.
Uliichomeka wewe nguzo ile, na najua utabisha.
Njoo ubishe.